Mgombea Aliyenusa Milango

Fff. Fff. Fff.

Kitu kilikuwa kinanusa chini ya mlango.

Hapo kale, wanangu, kale ile ambayo hata babu wa babu yenu aliisikia tu, wanyama walikuwa na nyumba na milango na majirani wa kugombana nao. Na katika Jimbo la Mawemarefu, ndani ya ufa wa mwamba, alilala pimbi mmoja, mama kijana, jina lake Sikudhani, na mtoto wake wa kwanza, Masika, kifuani. Mumewe alikuwa ng'ambo akitafuta malisho, kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu. Aliposikia ile sauti Sikudhani alidhani ni upepo. Kisha akakumbuka kwamba upepo hauvuti pumzi ndani.

Fff. Fff.

"Hodi hapa," ikasema sauti, taratibu, sauti ya mtu mwenye adabu zake.

"Nani?"

"Mgombea wako, shemeji."

Nywele zikamsimama mgongoni. Mgombea mwenye sauti ile alikuwa mmoja tu, Fisi.

"Mheshimiwa, usiku huu? Mkutano wako si ulikuwa leo mchana, pale uwanjani, tulikuja, tulipiga makofi, hata mtoto nilimpigisha makofi."

"Mchana mnakuwa na nyuso, shemeji. Nyuso zinadanganya. Usiku mnakuwa na harufu."

Fff.

Lazima niwaambie, wanangu, hii ilikuwa mara ya tatu Fisi kugombea kiti cha Baraza la Jimbo. Mara ya kwanza alileta ngoma na mifupa ya supu, wakala, wakacheza, wakampigia kura mwingine. Mara ya pili aliahidi kisima kipya, wakamwambia kisima kwanza, akashindwa tena. Siku ile ya pili alicheka tu, akampa mshindi mkono. Siku tatu baadaye mtoto wa Mama Chausiku, yule digidigi, hakuonekana. Si unyayo, si unywele. Hakuna aliyesema neno, maana hakuna aliyeona.

Na kiti hicho hakikuwa kiti cha kukalia tu. Aliyekishika ndiye aliyechagua walinzi wa Pango la Watoto, pale mama wote wa Mawemarefu walipoacha watoto wao mchana wakienda malishoni. Sasa fikirieni Fisi anachagua walinzi.

"Kura yangu ni yako, Mheshimiwa," Sikudhani akasema haraka haraka, "yako kabisa, nenda ukapumzike, umechoka."

"Wote wananiambia hivyo. Mara ya kwanza waliniambia hivyo, na mara ya pili pia." Fisi akakaa chini, akaegemea mlango, mlango ukalia kwiii. "Unajua kura inapigwaje, shemeji?"

"Kwa jiwe."

"Kwa jiwe. Unapewa jiwe lako, unaingia kichakani peke yako, unalitia kibuyu cheusi, ndicho changu, au kibuyu cheupe, ndicho cha Mwalimu Nungunungu. Hakuna jicho linalokuona."

"Ndiyo. Kura ni siri."

"Siri ya macho. Lakini jiwe umelibeba kwa mdomo, shemeji. Na sheria inamruhusu mgombea kukagua mawe yakishahesabiwa. Safari hizi mbili sikuitumia sheria hiyo, nilikuwa mjinga. Korongo, msimamizi wetu, ameandika daftari la wapiga kura kwenye magome ya miti. Mimi langu ninalo hapa." Ikasikika kucha ikigonga kitu chenye unyevu, to, to. "Puani. Nimepita nyumba zote. Imebaki yako."

Fff. Akavuta harufu ya Sikudhani polepole, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Halafu pua ikashuka, ikaja kwenye mwanya wa chini kabisa, pale Masika alipokuwa amelala.

Fff. Fff. Fff.

"Huyo ni mtoto, Mheshimiwa. Hajafika umri wa kupiga kura."

"Najua," akasema Fisi. "Lakini nimeshamwandikisha."

Akaondoka. Hakukimbia, hakucheka. Nyayo zake zilienda tif, tif, tif, zikapotea, na Sikudhani akakaa macho hadi kukapambazuka huku akimshika mtoto mguu, kwa sababu aliona akimwachia tu atakuwa hayupo.

Asubuhi kisimani hakukuwa na gumzo. Siku nyingine kisima kile kilikuwa kama soko, leo kila mmoja anachota, anafunga mdomo, anakwenda. Sikudhani akamkuta Mama Chausiku amesimama na kibuyu kitupu.

"Kwako alikuja?"

"Alikuja." Mama Chausiku hakugeuka. "Alinusa pale ukutani alipokuwa akilala mwanangu. Akasema, mama, harufu bado ipo."



"Utampa kura?" akauliza Sikudhani.

"Nina mwingine tumboni, mwenzangu. Unataka nifanye nini? Nitampa. Na wewe utampa, na yule Kanga mwenye maneno mengi atampa, na hata Mwalimu Nungunungu akipata hofu kidogo atajinyima mwenyewe kura ampe yeye."

"Lakini akishinda, Pango la Watoto…"

"Najua habari ya pango. Akishinda atawapata wote. Akishindwa atampata wako." Mama Chausiku akainua kibuyu chake, bado kitupu. "Nenda kaoshe mawe yako. Kesho kura."

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya ukoo wa pimbi katika Mawemarefu tangu wanyama waanze kupiga kura, wao ndio wakaao mawemawe, basi wao ndio huokota mawe ya kura. Mwaka ule zamu ilikuwa ya Sikudhani. Mawe tisini na matatu, moja kwa kila mpiga kura, yote saizi ya yai la kwale, yaokotwe mtoni, yaoshwe, yaanikwe juani, yashikwe kwa majani tu, yasiwe na harufu ya mtu yeyote. Ndivyo sheria ilivyosema.

Akaosha na kuanika, akayapanga kwenye kikapu, akamfunga Masika mgongoni, akarudi nyumbani kwa njia ya bondeni.

Njia ile ilimtapisha. Kila kigingi, kila kichaka, kila jani la nyasi refu, Fisi alikuwa amelipaka. Nyie mmeona wagombea wanavyobandika picha zao hadi kwenye milango ya vyoo? Fisi hakuwa na picha. Alikuwa na mafuta mazito ya manjano yanayotoka chini ya mkia, na kila alipopita aliyapaka, hiyo ndiyo kampeni yake, yananuka kama sabuni iliyooza na nyama iliyosahauliwa juani. Sikudhani alitembea huku amebana pumzi, ikamshinda, akavuta, akavuta tena.

Alipofika nyumbani akamshusha mtoto na kuweka pua utosini mwake, kama afanyavyo mama yeyote akiingia nyumbani.

Hakusikia harufu ya mtoto.

Akanusa tena, shingoni, kwapani, tumboni. Fisi. Fisi mtupu. Masika yupo mikononi mwake, anacheka, anapiga miguu, na puani hayupo. Sikudhani akaingiwa na wazimu, akamtia mtoto kwenye maji, akamsugua, akajisugua pua kwa majani ya mnanaa hadi ikamwasha, mtoto akalia, na yeye akalia.

Kisha akasimama katikati ya chumba, maji yanachuruzika.

Akakitazama kile kikapu cha mawe.

Alisimama hivyo muda mrefu. Alipoondoka alimwachia mtoto mama mkwe, akasema anakwenda kuazima chumvi. Mama mkwe akauliza mbona unatetemeka, akasema ni baridi ya maji.

Kambi ya Fisi ilikuwa kwenye mkondo wa mto uliokauka, usio na ndege. Mlangoni walikaa wapambe wake, dada zake wawili, wakubwa kuliko yeye kwa mwili na kwa kauli, wakitafuna kitu ambacho Sikudhani hakutaka kukitazama. Katika ukoo wa Fisi dada ndio wenye nyumba, kaka hupewa tu nafasi ya kusimama mbele, na nafasi hiyo hunyang'anywa.

"Kapimbi kamekuja kwa miguu yake," akasema dada mkubwa. "Siku hizi nyama inajileta."

"Nimemletea Mheshimiwa mawe ya kura ayaone," akasema Sikudhani. "Kuna jambo, dada zangu. Nikinyamaza nitajuta."

Fisi akatoka ndani, akinyoosha shingo. "Shemeji. Sema."

"Mheshimiwa, nimepita njia ya bondeni. Kila mahali upo. Kwenye miti upo, kwenye nyasi upo, mtu akitembea anajua hapa ni kwa nani. Lakini kesho mpiga kura atapewa jiwe, ataingia kichakani, na pale kichakani peke yake ndipo haupo. Jiwe halina kitu. Jiwe ni safi. Mtu akishika jiwe safi anaanza kujiona yuko huru."

Fisi akaacha kunyoosha shingo.

"Mimi mwenyewe naogopa kusema," Sikudhani akaendelea, maneno yanakimbizana, "lakini nimefikiria, kama jiwe lingekuwa na wewe, mtu akiliweka tu mdomoni angekusikia puani mwake, angekuwa kama umesimama naye mle kichakani, unampumulia sikioni, sasa nani ana moyo wa kwenda kibuyu cheupe na wewe unampumulia sikioni? Ila sheria inakataza. Korongo akijua…"

"Korongo ana mdomo mrefu, pua hana," akasema Fisi. "Ndege hawasikii harufu." Akasogelea kikapu. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa kama yaking'aavyo ya mgombea akionyeshwa ukuta mtupu. "Kila jiwe?"

"Kila jiwe, Mheshimiwa. Moja likibaki safi, huyo ndiye atakayekuangusha."

"Subiri kwanza," akasema dada mkubwa.



Dada akatema mfupa. "Kaka, wewe si umewaambia utawanusa? Ukiyapaka mawe yote mafuta yako, utamnusaje mtu humo ndani?"

Nzi mmoja akapita, zzz, akatua kwenye ule mfupa. Fisi akamgeukia Sikudhani, akamtazama, na pua yake ikaanza kucheza, fff, fff, anaitafuta hofu yake. Nayo hofu ilikuwepo, wanangu, ilikuwa imemjaa hadi kwenye nyusi.

Sikudhani akainamisha kichwa, akaanza kukusanya kikapu chake.

"Dada ana haki," akasema. "Samahani, Mheshimiwa, mimi ni mshamba, nilidhani pua ya Fisi inatenganisha harufu mbili. Kama haiwezi, basi tuache. Bora dada ametuamsha mapema kabla hujaaibika."

"Nani kasema haiwezi?"

"Hakuna aliyesema, Mheshimiwa."

"Pua hii," akasema Fisi, na sasa alikuwa anaongea na dada yake, "ilimsikia punda aliyefukiwa futi sita, wiki tatu, chini ya mvua. Na wewe unaniuliza kuhusu mate ya kanga?"

"Nimeuliza tu."

"Umeuliza mbele ya mgeni. Leta kikapu."

Akayapaka moja moja. Sikudhani alilazimika kumpa, jani kwa jani, jiwe kwa jiwe, na Fisi anachuchumaa, anapaka, anahema, na kila jiwe akilimaliza anaguna kwa raha, mmh, kama mtu anayetia sahihi. Tisini na matatu. Jua lilizama akiwa hajamaliza. Alipomaliza alisema, "Sasa nitakuwa ndani ya midomo yenu wote," akacheka kwa mara ya kwanza, hi-hi-hiii, na dada zake hawakucheka.

Siku ya kura watu walijipanga tangu alfajiri. Korongo, msimamizi, alisimama kwa mguu mmoja karibu na kichaka, na mbele yake Sikudhani na kikapu chake akigawa mawe. Fisi alikaa juu ya kichuguu, anawatazama wote, anajigusa pua.

Sikudhani hakuwa amemwambia mtu. Angemwambia nani? Neno lingepita kinywa kimoja tu, lingefika kichuguuni kabla ya jua kuchomoza. Kila aliyefika alimpa jiwe, akamwambia neno moja tu, chini chini, kama anayemwambia karibu.

"Nusa."

Wa kwanza alikuwa Ngiri, baba mzima mwenye watoto sita. Akanusa, akakunja uso, akarudi nyuma. Akanusa tena. Akalilamba jiwe, akalinusa mara ya tatu. Kisha akamtazama Sikudhani, na Sikudhani akatazama pembeni. Ngiri akaweka jiwe mdomoni akaingia kichakani, mkia umesimama wima kama kijiti.

Akaja Sungura, akaja Swala, akaja Kicheche. Wote wananusa, wote wanaduwaa. Wanyama si kama sisi, harufu kwao ni maandishi, na waliyosoma kwenye lile jiwe yalikuwa jina moja limeandikwa juu ya majina yote hadi hayaonekani.

Fisi kule juu aliwaona wanavyoshtuka, akamwambia dada yake, "Unaona? Wananisikia."

Akaja Mama Chausiku. Akanusa jiwe lake. Mama Chausiku akafumba macho, akanusa kwa muda mrefu kuliko wote, hata Korongo akageuza shingo. Alipoyafumbua aliliweka jiwe mdomoni. Alitembea kwenda kichakani wima, hatua ndogo ndogo, kama anayekwenda kupokea mtoto kutoka kwa mkunga.

Jioni Korongo akamwaga vibuyu mbele ya watu. Cheusi kilitoa mawe kumi na manne, nao ukoo wa Fisi wenye haki ya kura walikuwa kumi na wanne. Cheupe kilitoa mawe sabini na manane, kru-kru-kru-kru, yakaendelea kumwagika hadi mtu akadhani hayataisha.

"Amepita Mwalimu Nungunungu," akasema Korongo.

Hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wanamtazama Fisi akishuka kichuguuni.

"Natumia haki yangu ya kukagua," akasema, kwa ile sauti yake ya adabu, na akina mama wakavuta watoto wao chini ya matumbo.

Akainamia lile rundo. Akachukua jiwe la kwanza.

Fff. Fff.

Akaliweka chini. Akachukua la pili, fff, la tatu, fff, la nne. Akaingiza pua yote ndani ya rundo, akavuta hadi mbavu zikaonekana, na alipoitoa midomo yake ilikuwa inasema kitu polepole. Waliosimama karibu walimsikia.

"Mimi," alikuwa anasema. "Mimi. Mimi. Mimi."

"Kaka," akasema dada mkubwa. "Toa majina."

"Ngoja."

"Uliwaambia una daftari. Watu wanasubiri. Toa jina moja."

Fisi akainua kichwa. Alitazama nyuso zote zile, lakini nyuso hakuwahi kujifunza kuzisoma, alikuwa anategemea pua. Akashika jiwe moja, akaliinua juu.

"Hili," akasema, "ni la Kanga. Nakusikia, Kanga. Kesho usiku nitapita kwako."

Minong'ono ikapita kwenye nyasi. Kisha kutoka nyuma kabisa, juu ya kiota chake, Kanga akajibu.

"Mwenzetu, mimi niko juu ya mayai siku ya nne leo. Sijapiga kura. Muulize Korongo, jiwe langu bado liko kikapuni."

Korongo akainama, akatazama. "Lipo," akasema.

Halafu akacheka mtu mmoja, na hakuwa Sungura wala Kicheche. Alikuwa dada mkubwa wa Fisi. Hi-hi-hiii. Dada wa pili akadakia. Ukoo mzima wa Fisi ukacheka kile kicheko chao kinachotoka kwenye makaburi, wakaanza kumzunguka kaka yao, wanamzunguka na duara linapungua, kwa sababu fisi asiyenusa kwao si kaka tena, ni kitu kingine. Fisi akawatazama mmoja mmoja, anawanusa awatambue, fff, fff, na kila anayemnusa anajikuta yeye mwenyewe.

Akakimbia. Duara zima likamfuata. Vumbi lilipotua kilibaki kicheko tu, mbali, kinazidi kwenda mbali, na hakuna anayejua kiliishia wapi wala kiliishaje.

Mwenye kuipaka dunia nzima harufu yake, mwisho wake haisikii harufu ya adui wala ya ndugu.

Watu walitawanyika kimya kimya. Sikudhani akabaki akiokota mawe, ingawa zamu yake ilikuwa imeisha, alihitaji kitu cha kushika. Akasikia hatua ndogo nyuma yake. Mama Chausiku akachuchumaa kando yake, akaanza kumsaidia kuokota.

"Wale dada zake wako hai bado," akasema Mama Chausiku. "Na ukoo wao hausahau. Watauliza aliyempa kaka yao wazo lile."

"Wananijua. Walikuwepo."

"Walimwona pimbi mmoja mshamba anayetetemeka, anayempenda mgombea wao. Waache waendelee kumwona huyo." Akatia jiwe kikapuni. "Ila niambie mimi. Ulijua toka mwanzo, au ilitokea tu?"

Sikudhani akamtazama, huyu aliyelala miaka mingi karibu na ukuta wenye harufu ya mtoto asiyekuwepo, akaona hawezi kumdanganya.

"Nilimnusa Masika nikamkosa," akasema. "Basi. Nikajua na yeye atakosa."

Mama Chausiku akaacha kuokota. Kisha akamshika mkono, akaubana kwa nguvu hata ukauma.

"Umeniambia mimi," akasema. "Mimi sitamwambia mtu mwingine. Hata huyu aliye tumboni, akizaliwa akiniuliza, sitamwambia."